Siku za Baiskeli Kubaki Nyumbani

Juzi jikoni shuleni walifungua gunia la dagaa ambao hawakukauka sawasawa. Wenzangu wote kwenye foleni wakaziba pua, wengine wakaapa kwamba siku hiyo watakula ugali na chumvi. Mimi nilibaki nimesimama na sahani yangu. Harufu ile, uchachu kidogo na unyevunyevu, ilinichukua mpaka Mkuyuni, uani kwetu, asubuhi: baiskeli ya baba imeegemezwa ukutani, mama anapuliza moto, na mimi nimejifanya nasugua sufuria kumbe naangalia mawingu.

"Wewe, umeona nini?" rafiki yangu aliniuliza, akanisukuma kidogo ili foleni iende.

Nikamwambia hakuna kitu. Mambo kama haya siwezi kuyasema kwa mdomo. Nikianza tu, watu wakinitazama, maneno yanakimbia. Kwa hiyo nimekaa hapa kitandani naandika, na nitaandika yote, hata yale ambayo mpaka leo hayajaniingia akilini vizuri. Na ni mengi.

Ilikuwa kipindi kile kati ya majibu ya darasa la saba na kufunguliwa kwa kidato cha kwanza. Nyie wenzangu mnakijua kipindi hicho. Wewe si mwanafunzi na si mtu mzima, na mtaa mzima unakutuma dukani. Nilikuwa nimechaguliwa shule ya kutwa, upande wa kuelekea Buhongwa. Nyumbani walifurahi, mama alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza nani kazaa. Kisha furaha ikapoa, tukaanza kuulizana nitafikaje huko kila siku. Kutoka kwetu si karibu. Daladala zilikuwa nyingi, siku hizo kila mwenye hela kidogo alikuwa anaingiza Hiace yake barabarani, lakini asubuhi konda akiona sare ya shule anageuza uso, maana mwanafunzi analipa nusu na anakaa kiti kizima. "Denti subiri ya nyuma!" Na ya nyuma nayo inasema hivyo hivyo.

Shangazi yangu, dada yake baba, anayeishi Sengerema ng'ambo ya ghuba, aliposikia akatuma ujumbe kwa mtu aliyekuwa anavuka na kivuko: mtoto aletwe kwangu, shule ipo karibu na nyumba, habari za uhamisho niachieni mimi. Watoto wake walikuwa wameshakua na kuondoka, alikuwa akishona nguo peke yake barazani.

Nilimwogopa Shangazi. Hakuwa mkali, ila alikuwa na sauti kubwa na alikuwa anapenda kukuuliza swali halafu anyamaze kabisa akisubiri jibu. Kwa mtu kama mimi hiyo ni adhabu. Rafiki yangu wa jirani, Rehema, ambaye yeye hajawahi kukosa neno tangu azaliwe, aliposikia alinipa pole ya msiba. "Utakuwa hausigeli mwenye kidato," alisema. "Utapika, utafua, usiku utasoma fizikia."

Sikulala siku mbili.

Baba ndiye aliyekata shauri, tena akiwa anakula, bila hata kuinua kichwa. "Akijua baiskeli kabla shule hazijafunguliwa, atabaki hapa, atakwenda shule na baiskeli. Siku ambazo mimi siendi Kisesa, achukue ajifunze."

"Na asipojua?" mama akauliza.

"Atapanda kivuko."

Basi. Maisha yangu yote yakawa yamefungwa kwenye ile baiskeli, na ile baiskeli ilikuwa imefungwa kwenye hali ya hewa. Hivyo ndivyo nilivyoelewa mimi.

Lazima niseme kidogo kuhusu baba. Zamani alikuwa anafanya kazi kiwandani. Nakumbuka alivyokuwa anarudi na nyuzi za pamba kwenye nywele, mama anamtania kwamba amezeeka njiani. Halafu wakapunguzwa, yeye na wengine wengi, akakaa nyumbani muda fulani akitengeneza vitu ambavyo havikuharibika. Baadaye akanunua baiskeli kubwa ya Kichina, nyeusi, ya kiume, yenye karia ya chuma nene, akaanza kubeba dagaa. Anachukua mwaloni, kule ufukoni wavuvi wanakoshusha samaki, anafunga viroba viwili kwa mipira ya tyubu, anaendesha mpaka Kisesa kwenye gulio, anauza, anarudi. Kwenda alikuwa akisema si kitu. Kurudi ndiko kulikomtoa jasho, kwa sababu mchana upepo wa ziwani unakuja usoni na unakusukuma kifuani kama mtu mgomvi.

Siku zingine hakwenda. Na sababu ya kutokwenda, mimi niliijua. Ni mvua. Niliijua kwa sababu siku moja alirudi amelowa chapachapa, mama akamfokea kwa sauti niliyokuwa sijaisikia: "Mvua yote hii! Mtu mwenye akili zake anaona wingu kama lile, anakaa nyumbani." Kwangu mimi hiyo ikawa sheria. Wingu likiwepo, baiskeli inabaki. Jua likiwepo, baiskeli inakwenda Kisesa.

Shida ya sheria hiyo mtaiona wenyewe. Siku ambayo baiskeli ingekuwa yangu ndiyo siku ambayo siwezi kuipanda, maana uwanja wa shule ya msingi tulikokuwa tunajifunzia ukinyeshewa unakuwa ugali. Kwa hiyo nilihitaji hali ya hewa ya aina yake. Nilihitaji wingu zito alfajiri, litoke upande wa Sengerema, liwe jeusi la kumtisha baba, lingurume kidogo, halafu saa tatu litawanyike kukauke. Niliomba hivyo hivyo kwa Mungu, kwa maelezo kamili, kama unavyomwagiza mtu sokoni: usilete kubwa sana, usilete lililooza.

Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na jiwe kubwa, yale mawe ya Mwanza ambayo nyumba zinajibanza katikati yake. Kila asubuhi nilipanda juu yake kabla ya kufagia. Ukiwa pale unaliona ziwa lote mpaka ng'ambo. Nilijifunza kuona mvua ikiwa bado mbali, ukuta wa kijivu umesimama majini. Nilijifunza kwamba wale wadudu wadogo wa ziwani wakipanda juu kama moshi mweusi, asubuhi itakuwa tulivu. Nilikuwa nashuka pale nina jibu. Leo anabaki. Leo anakwenda.

Nikawa nakosea. Tena sikukosea mara moja moja, nilikosea karibu kila siku.

Jumatatu ya kwanza mbingu ilikuwa nyeusi kama chungu. Nilishuka kwenye jiwe nikicheka peke yangu, nikavaa bukta ndani ya gauni, nikaenda kumwamsha Rehema. Niliporudi nilimkuta baba amejifunga nailoni mabegani, anaikokota baiskeli getini.

"Shikamoo baba. Unakwenda?"

"Marahaba. Nakwenda."

"Kuna wingu."

"Naliona, mama." Ananiita mama kwa sababu nimepewa jina la mama yake. Akapanda, akaondoka, na kabla hajapotea kwenye kona matone ya kwanza yakaanza kupiga bati.

Siku iliyofuata jua likatoka safi. Mawe yalikuwa yanafuka mvuke. Mimi nikajua hakuna bahati, nikachukua ndoo kwenda bombani, nikakaa huko kwenye foleni, nikapiga hadithi. Narudi karibu saa sita, baba amekaa kwenye kigoda anashona kandambili kwa waya, baiskeli imeegemea ukuta.

"Hukwenda, baba?"

"Sikwenda." Akanitazama. "Na wewe hukujifunza?"

Ningemwambia nini? Kwamba kuna jua?

Ikaendelea hivyo. Kukiwa na wingu anakwenda. Kukiwa na jua, mara nyingine anakwenda, mara nyingine anabaki. Nilijaribu kutafuta mpango wake nikashindwa. Nilifikiri labda anasikiliza redio, kwa sababu redio ilikuwa ikisema habari za mvua Kanda ya Ziwa, lakini redio yetu betri zilikuwa zimekwisha na mama alikuwa anazianika juani zipate nguvu. Nikafikiri labda ni siku za gulio. Lakini alikuwa anaruka hata siku za gulio.

Zile siku chache nilizoipata baiskeli, niseme ukweli, ziliniumiza mwili. Mtalimbo, lile bomba la kati ya kiti na usukani, ulikuwa juu sana kwangu, nilipitisha mguu chini yake nikiendesha nimepinda upande mmoja, Rehema ameshika karia nyuma anakimbia huku anatoa amri. "Kanyaga! Kanyaga wewe! Usiangalie miguu, imeshajua kazi yake!" Pembeni ya uwanja kulikuwa na kibanda cha kuziba pancha, na vijana wa pale walitufanya sinema yao.

"Dada, hiyo unaiendesha au inakuendesha?"

"Mwachieni, anapeleka baiskeli kliniki!"

Rehema aliwajibu wote, kwa zamu, bila kuachia karia. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Nilianguka, nikachubuka goti, nikachubuka kiwiko, nikaamka. Vijana wakipiga makofi nikianguka, wakipiga makofi nikiamka, ilikuwa ni sawasawa kwao. Na jioni nikimrudishia baba baiskeli anaizungusha, anakagua tairi. Hakuniuliza hata siku moja kama nimeanza kujua.

Hapo ndipo wazo baya lilipoanza kuniingia. Nilianza kuamini kwamba baba hatazami mbingu kabisa, ananitazama mimi. Nikivaa bukta asubuhi, anaondoka. Nikikata tamaa, anabaki. Nikajaribu kumpima. Asubuhi moja yenye wingu nilijinunisha, nikaburuta miguu kama mtu ambaye hataki baiskeli hata kuiona, ili abaki. Akaenda. Asubuhi nyingine ya jua nikaimba imba nikifagia. Akabaki! Nikafanya hivyo tena siku ya pili yake, nikaimba vilevile. Akaenda. Nilikaa juu ya jiwe nikalia, kwa sababu jibu nililolipata lilikuwa moja tu: baba anataka nisijifunze. Anataka niende Sengerema, ila hawezi kusema, kwa hiyo anaendesha hata kwenye mvua, analowa, anakohoa usiku kucha, ili mradi mimi nisiipate baiskeli. Kwa nini mtu alowe hivyo kama hataki kumfukuza mtoto wake?

Sikumwambia mtu. Nilimpikia chai, nikamwamkia, nikampokea nailoni yake inayotiririka maji nikaitundika, na ndani yangu nilikuwa nimemkasirikia kwa namna ambayo sikuijua kabla. Naye pengine hakuona kitu. Mtoto mkimya akikasirika anafanana na mtoto mkimya.

Siku moja ya jua kali, baba alitoka asubuhi kwa miguu. Baiskeli imebaki. Mama akanipa kikombe cha bati chenye uji kimefunikwa na sahani. "Mpelekee baba yako mwaloni, hajanywa kitu."

Mwaloni sikuwa na kawaida ya kwenda, mama hakupenda tuzurure kule. Nilishuka polepole uji usimwagike. Nilipofika nilisimama, kwa sababu niliona kitu ambacho sikukitegemea. Ufuko mzima, kwenye mchanga, kwenye nyavu kuukuu, kwenye mawe mapana, dagaa walikuwa wametandazwa, ila hawakuwa wale wa fedha fedha niliowazoea kwenye viroba. Walikuwa wa kijivu, wamelegea, wamegandana, na harufu yao ndiyo hii ya juzi jikoni. Wanawake walikuwa wameinama wanawageuza kwa mikono. Na katikati ya wanawake baba yangu, suruali ameikunja magotini, anageuza dagaa.

"Mtoto wako huyo kaleta uji," mwanamke mmoja mnene mwenye kitambaa chekundu alimwambia baba, kisha akaniambia mimi, "Karibu binti. Usiangalie hivyo, baba yako tumemwajiri leo."

Wenzake wakacheka. Baba naye akacheka, akafuta mikono kwenye suruali.

"Wamefanyaje hawa?" nikamuuliza yule mama. Kwa kawaida nisingeuliza, lakini baba alikuwa anakunywa uji na mimi sikutaka kumtazama.

"Mvua ya jana imewapiga. Walikuwa wamebakiza kidogo tu wakauke. Sasa tunaanika upya, wengine hawa watakuwa wa kuku tu. Baba yako leo hana mzigo. Labda kesho, jua hili likikaa."

"Na kesho kukiwa na wingu?"

Alinitazama kama nimeuliza jina langu. "Wingu la kesho linawahusu nini dagaa watakaokauka leo? Wakishaingia kwenye kiroba, yeye si anafunga nailoni anakwenda zake?"

Nilisimama pale na jua linanipiga utosini. Kitu kilianza kujipanga kichwani, polepole. Jumatatu ile nyeusi: Jumapili yake kulikuwa na jua, watu wote walitoka kanisani wamejifunika leso kichwani. Siku iliyofuata ya jua: jana yake ilinyesha. Kila siku niliyoikumbuka ikajipanga. Nilikuwa nasoma mbingu ya leo, na baba alikuwa anakwenda na mbingu ya jana.

Baba alinirudishia kikombe. Nikajikuta nasema, "Kwa hiyo wewe huwa huangalii mawingu?"

"Naangalia. Lakini mzigo ukiwa mkavu, nitafanyaje? Nisipoupeleka watapeleka wengine."

"Mimi nilidhani unaogopa mvua."

"Kwani mimi chumvi?" akasema, na wale wanawake wakacheka tena. Kisha akaniangalia kidogo zaidi ya kawaida yake. "Hukujua? Mtoto wa mwaloni kabisa. Nilidhani unajua."

Hakuna aliyekuwa ameniambia. Nadhani wakubwa wanasahau kwamba kuna siku na wao hawakujua. Nilipanda mlima kurudi nyumbani nikiwa mwepesi, nikiona aibu kwa yale niliyomfikiria, na furaha pia, kwa sababu sasa nilikuwa na sheria ya kweli. Jana ikinyesha, baiskeli ni yangu leo. Nilimwambia Rehema. Akasema, "Sasa wewe utakuwa mganga," na kweli tangu hapo sikukosea tena. Nikajifunza haraka. Kabla ya wiki kwisha Rehema aliachia karia bila kuniambia, nikazunguka uwanja mzima peke yangu, na vijana wa kibanda walinyamaza, na hiyo kwangu ilikuwa heshima kubwa kuliko makofi yao.

Jumamosi ya mwisho kabla shule hazijafunguliwa ndiyo ilikuwa siku ya kupimwa. Baba alisema nitaendesha kutoka nyumbani mpaka kwenye geti la shule na kurudi, yeye nyuma yangu na baiskeli ya kuazima. Shangazi alikuwa avuke siku hiyo hiyo, kuja kujua atarudi peke yake au na mimi.

Ijumaa ilinyesha. Vizuri, nikasema, baiskeli ipo. Lakini Jumamosi asubuhi nilipopanda kwenye jiwe, ukuta wa kijivu ulikuwa umesimama ziwani tena, na safari hii ulikuwa unasogea. Niliutazama nikashindwa kujua nitamani nini. Dhoruba ikija haraka, kivuko hakitavuka, Shangazi atabaki Sengerema. Lakini ikija haraka mimi pia sitaendesha. Ikichelewa, nitaendesha, lakini Shangazi atafika. Nilishuka sijui kama nacheka au nalia.

Baba alikuwa uani ameshika baiskeli zote mbili. "Unaonaje, mama? Twende, au tungoje ipite?"

Hakuwahi kuniuliza kitu kama hicho. Mama alikuwa mlangoni anatikisa kichwa, hapana, hapana. Nikaangalia wingu. Nikaangalia baiskeli.

"Twende," nikasema.

Mvua ilitukuta tumeshaipita Butimba. Haikuanza kwa matone, ilimwagwa. Lami ilipoisha na njia ya udongo ya kwenda shule kuanza, gurudumu la mbele likawa na mawazo yake. Nilianguka mara ya kwanza kwenye mtaro, mara ya pili katikati ya njia. Baba alisimama, hakushuka kunisaidia, alingoja. Niliamka. Nilikuwa nimeng'ang'ania usukani mpaka vidole vikafa ganzi, maji yananiingia machoni, na nikasikia mtu anapiga kelele, kumbe ni mimi, nacheka. Geti la shule lilikuwa limefungwa na mnyororo. Nililigusa kwa mkono, nikageuza.

Lakini wakati wa kurudi kulikuwa na kitu kinanisumbua. Kilikuwa pembeni ya akili kama jina unalolijua na haliji. Nilikitafuta njia nzima, sikukipata.

Shangazi alikuwa ameshafika, amevuka na kivuko cha mapema kabla ziwa halijachafuka. Alikuwa amekaa kwenye kigoda cha baba. Nilimwamkia nikiwa nadondosha matope.

"Marahaba mwanangu. Umefika mpaka huko?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Mpaka getini? Na kurudi?"

"Amefika," baba akasema. Alisema kwa sauti niliyokuwa sijaisikia kwake, ya mtu anayetaka watu wote wasikie. "Kwenye mvua hii. Ameanguka, ameamka, amefika."

Shangazi akavua khanga yake ya juu akanifunga mabegani, akanisugua kichwa kwa nguvu. Sikutegemea hivyo. Mikono yake ilikuwa ya moto. Alipomaliza akamgeukia baba, na sauti yake haikuwa kubwa hata kidogo.

"Hongera, kaka. Kajua. Sasa nieleze jambo moja. Siku isiyonyesha, barabara kavu, siku ambayo huyu mtoto anaweza kufika shule na sare safi. Siku hiyo baiskeli si ndiyo inabeba dagaa?"

Akanyamaza, akisubiri, kama kawaida yake.

Ndicho kile kitu. Ndicho kilichokuwa kinanizunguka njia nzima. Baiskeli ingekuwa yangu siku za matope, na siku za matope tu. Kila siku kavu ingekwenda Kisesa, na mimi ningekuwa nimesimama kituoni nasubiri daladala ya nyuma. Sheria yangu niliyoisherehekea na Rehema ilikuwa imeyasema hayo yote, mimi sikuisikia.

Nilimwangalia baba. Alikuwa anafungua nailoni shingoni, fundo limelowa, halifunguki. Nikajiuliza, alijua? Mtu ambaye kila asubuhi ya maisha yake anapanga siku kwa dagaa waliokauka, angewezaje kutojua? Na kama alijua tangu ile jioni ya kwanza, kwa nini aliniacha nianguke wiki zote zile? Au na yeye, kwa kutaka sana nibaki, hakutaka kuihesabu hesabu hiyo mpaka mwisho? Nimejiuliza mara nyingi. Siku nyingine napata jibu hili, siku nyingine lile.

Mama alikuwa ameinama kwenye jiko, anapuliza moto ambao ulikuwa umeshawaka.

Mimi nilikuwa sijawahi kuzungumza mbele ya wakubwa bila kuulizwa. Lakini lile fundo lilikuwa halifunguki, na Shangazi alikuwa bado anasubiri, na nikaona kwamba kama hakuna atakayesema, baba ndiye atakayelazimika kusema.

"Nitakwenda na Shangazi," nikasema.

"Nani amekuuliza?" baba akanikaripia. Kisha akatoka nje, kwenye mvua, akaanza kuosha baiskeli ambayo mvua ilikuwa inaiosha.

Shangazi alingoja mpaka Jumanne ili mama anifulie na kunipigia pasi. Tangu Jumapili hakukuwa na hata tone. Jua lilikaa, upepo mkavu, na Jumanne asubuhi nilijua bila kupanda kwenye jiwe lolote kwamba kule mwaloni dagaa wako tayari, wanalia kama majani makavu wakishikwa. Shangazi alitangulia na daladala kwenda kukata tiketi za kivuko. Nikangoja baba afunge viroba vyake, nimpungie mkono pale getini, aende Kisesa.

Akachukua sanduku langu la bati. Akaliweka kwenye karia, akalifunga kwa mipira ile ile ya dagaa, akavuta mara mbili kuona kama imeshika. Kisha akanielekezea usukani.

"Panda."

"Na wewe?"

"Mimi nina miguu."

Tukaenda hivyo, kupitia Igogo mpaka mjini, mimi juu ya baiskeli na sanduku nyuma, yeye anatembea haraka na panapoteremka anakimbia. Watu waligeuka kututazama. Msichana kapanda, mzee anakimbia. Mmoja akasema, "Binti, mpakie baba yako basi!" Sikuona hata aibu, sijui ilikuwa imekwenda wapi. Barabara ilikuwa kavu kabisa na pana, baiskeli ilikuwa nyepesi, nilikuwa sijawahi kuendesha vizuri namna ile wala sikuwahi tena. Nilisikia viatu vyake nyuma yangu, na pumzi zake.

"Baba," nikasema, "na dagaa?"

"Angalia mbele."

"Lakini leo ni wakavu. Watabebwa na wengine."

"Angalia mbele, mama. Ukigeuka utaanguka."

Sikugeuka. Nilitaka kumwona, alikuwa na uso gani wakati anasema vile, kama alikuwa na hasira au huzuni au alikuwa anacheka. Lakini mtelemko wa kivukoni ulikuwa umeanza, na nilishika breki kwa mikono yote miwili, taratibu, nisilidondoshe sanduku, nikiwa nasikia miguu yake inakimbia.